Walioiona This Is Not a Burial, It's a Resurrection (ile ya Lesotho), ule mwisho mmeuelewaje?

tumbili_wa_posta: Wadau, jana nimeicheki hii muvi ya 2019 ya dairekta Lemohang Jeremiah Mosese na kichwa hakijatulia. Bibi Mantoa, miaka 80, anamsubiri mwanae wa mwisho arudi toka migodini Sauzi, inakuja habari kafariki, basi na yeye anaanza kupanga mazishi yake mwenyewe, hajakaa sawa anaambiwa kijiji kihame kwa sababu ya bwawa na makaburi yote yatamezwa na maji. Hapo nipo nao. Ila nyumba inaungua halafu bibi kakaa kitandani kwenye majivu kondoo wamemzunguka?? Na pale mwisho anapovua nguo kuwafuata wale wafanyakazi, ndo anakufa au anagoma?

MamaKaloleni: Yule mzee anayepuliza lesiba (ala ya asili ya Wasotho) kilabuni ndo anasimulia, kwahiyo yote tunayapata mdomoni mwake, ni ngano ile, na kwenye ngano hakuna anayeuliza sungura aliongeaje. Mi naona anagoma. Kila kitu washamchukulia, kabaki na mwili tu, kaupeleka mbele.

kibao_kata: Na lile bwawa msidhani katunga. Lesotho wana mkataba na Sauzi tangu 1986 wa kuwapelekea maji ya milimani, likajengwa bwawa la Katse na mengine, watu wakahamishwa kweli. Sasa angalia, mtoto kaenda kufia migodini kwao, halafu maji nayo yanaelekea hukohuko! Mimi hapo ndo nilipoumia kuliko hata ule moto.

tumbili_wa_posta: Dah hiyo ya mgodi na maji sikuiunganisha kabisa

Jongoo77: Mnamsifu sana bibi. Wengine pale kijijini wana watoto wadogo, wewe unasema huhami kwa ajili ya wafu, wao wakae wasubiri maji? Kwetu barabara ilipopanuliwa babu alifukuliwa, fidia ikaleta ugomvi wa ukoo mpaka leo, lakini watu walihama na maisha yakaendelea.

MamaKaloleni: Jongoo mbona umejijibu mwenyewe, "ugomvi mpaka leo" ndo maisha kuendelea huko? 😂 Halafu bibi hakumlazimisha mtu, alianza kusafisha makaburi peke yake.

kibao_kata: Kwa wasiojua, huyo bibi ni Mary Twala, mama yake Somizi, yule staa wa TV wa Sauzi. Alifariki Julai 2020, mwaka uleule muvi imepata tuzo Sundance, lile tamasha la filamu la Marekani.