Naunganisha gobore la Kentucky kutoka kwenye seti, naombeni ushauri wa kumalizia mbao na mtutu

mkongo_wa_lancaster

Wakuu habari za saa hizi. Niko Lancaster, Pennsylvania, nimekulia kambi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa huku, na kwa wasiojua huu mji tuliojazana wakimbizi ndo moja ya sehemu zilipozaliwa zile bunduki ndefu za Kimarekani za baruti nyeusi. Wenyewe wanaziita za Kentucky lakini nyingi zilitoka huku huku Pennsylvania kwa mafundi wenye asili ya Ujerumani miaka ya 1700, fundi kama Jacob Dickert alikuwa anafanyia kazi hapa hapa mjini. Kazini kuna mzee mmoja anapiga shabaha na hizi bunduki, akanipeleka siku moja uwanjani na tangu hapo sijatulia. Kule Fizi marehemu babu alikuwa na gobore la kuwindia kwa hiyo kushindilia baruti na mdeki kwangu sio kitu kigeni, ila kutengeneza ndo mara ya kwanza.

Nimenunua seti ya kampuni ya Traditions, Kentucky .50 (kipenyo cha ndani ya mtutu, nusu inchi), mtambo wa gumegume, yaani jiwe linapiga chuma kutoa cheche ya kuwasha baruti. Mtutu una pembe nane, urefu inchi 33 na nusu, mifereji ya ndani imeshachongwa na kizibo cha nyuma kimeshafungwa kiwandani. Mbao iko vipande viwili vinakutana katikati kwenye kipande cha shaba ya njano, alafu kuna mfuko wa vikorokoro: bamba la kitakoni, kinga ya triga, skrubu, pini, mdeki. Mbao ni nyeupe peee, imechongwa karibu yote lakini haijaguswa na msasa, na mtutu ni chuma kitupu kina alama za mashine.

Sasa naomba kujua, naanza na nini? Nataka mbao iwe na ule wekundu wa bunduki za zamani na mtutu uwe wa kahawia, sio mweusi wa dukani. Nipake vanishi au mafuta? Na kisheria nimekaa vizuri au natafuta matatizo? Asanteni.

seremala_wa_tanga

Karibu sana mkuu, kazi tamu hii. Mi niko Ohio, useremala nimetoka nao Tanga.

Hiyo rangi ifungie kabatini kwanza. Wengi wanakimbilia rangi kwa sababu ndo inaonekana kwenye picha, lakini fundi anajulikana pale chuma kinapoingia kwenye mbao. Hapo ulipo nenda makumbusho ya Landis Valley, simama mbele ya bunduki ya zamani uangalie ukingo wa bamba la mtambo, mbao imelikumbatia chuma pande zote hupitishi hata unywele. Hapo ndo unatakiwa ufike kabla hujafikiria kitu kingine.

Namna yake ni masizi. Washa mshumaa, pitisha bamba la mtambo juu ya moto mpaka upande wa ndani uwe mweusi tii, liweke kwenye shimo lake taratibu, ligonge kidogo na mpini wa nyundo kisha litoe. Palipopata weusi ndo panapokuzuia, panyoe hapo tu na patasi kali, unyoe kidogo mno, kama vumbi. Rudia tena na tena. Mbao isiyo na weusi usiiguse kabisa hata kama unaona kama imezidi, maana ukiondoa mbao hairudi na tundu litakuangalia maisha yako yote. Mtambo ukikaa sawa ule ubavu wa kisahani cha baruti lazima ugusane na ubavu wa mtutu bila nafasi, ukiacha mwanya pale baruti ya kuwashia inamwagikia ndani ya mbao.

Skrubu za mbao: toboa kwanza tundu jembamba na uzisugue kwenye sabuni ya mche au nta kabla ya kuzikaza. Mbao ni ngumu na skrubu ni laini, ukilazimisha kichwa kinakatikia humo humo.

Msasa sasa. Anza 120, njoo 180, malizia 220, na muda wote msasa uwe umezungushiwa kipande cha mbao kilichonyooka, usipige na vidole. Ukipiga na vidole kingo zote zinakuwa mviringo na bunduki inaonekana imeyeyuka. Bamba la kitakoni lifunge mahali pake alafu mbao na shaba uvishushe pamoja kwa tupa mpaka kidole kikipita kisisikie mpaka. Kuzunguka mtambo punguza mkono, pale mbao ikishuka chini ya chuma hakuna dawa.

Ukishamaliza 220 chukua kitambaa kibichi uilowanishe mbao yote, ikikauka utakuta imeota manyoya. Yakate na msasa uliochakaa, lowanisha tena. Unaendelea hivo mpaka ilowe na isiote kitu. Ukiruka hatua hii manyoya yataota siku unapaka rangi na hapo utalia.

kutu_nyekundu

Mbao kashamaliza fundi, mi nije kwenye mtutu maana hapo ndo ugonjwa wangu.

Ule ukahawia unaoutaka ni kutu mkuu, kutu iliyolelewa. Mafundi wa zamani walifanya hivo hivo. Kwanza ondoa alama za mashine: funga mtutu kwenye jiliwa (weka ngozi au mbao kwenye meno yake), shika tupa kwa mikono miwili imelala kukatisha mtutu, uivute kwa urefu wa bapa moja mpaka mwisho. Kila bapa peke yake, kona nane zibaki kali. Kisha msasa 220, na usiendelee kung'arisha, ukiufanya kama kioo dawa haipati pa kushika.

Ziba mdomo wa mtutu na tundu la kuwashia kwa vijiti vya mbao vilivyobana, hutaki dawa iingie ndani. Safisha na asetoni, na kuanzia hapo ni glavu tu, alama ya kidole chenye mafuta itabaki kama doa jeupe. Mi natumia dawa ya Laurel Mountain Forge: kitambaa kina unyevu tu wa dawa, pitisha mara moja mwendo mmoja kutoka mwisho hadi mwisho, usirudi nyuma kusugua. Ning'iniza mahali penye unyevu. Huku Minnesota wakati wa baridi hewa ya ndani ni kavu kupita kiasi, kwa hiyo naning'iniza bafuni na ndoo ya maji ya moto chini, mke wangu ameshazoea. Baada ya saa kadhaa utaona vumbi la kutu, lisugue na kitambaa kigumu kama cha jinzi, usisafishe mpaka chuma kitupu, alafu paka tena. Raundi za kwanza inatia aibu, madoa madoa tu, usikate tamaa na usianze upya. Inajisawazisha yenyewe kadri unavoendelea.

Ukiipenda rangi, simamisha kutu: maji ya moto yenye bekingi soda, suuza, kausha, na chuma kikiwa bado na joto pakaa mafuta. Kutu inaendelea kujitokeza siku za mwanzo, futa na uongeze mafuta.

Ipo pia Plum Brown ya Birchwood Casey, hiyo unapasha chuma mpaka kama nyuzi 135 za sentigredi ndo unapaka, inakubali pale pale. Kwa skrubu na vitu vidogo nzuri sana. Kwa mtutu mrefu kama huo kupata joto sawa mwanzo hadi mwisho ni shughuli, na moshi wake mbaya, fanyia nje.

Alafu kile chuma ambacho gumegume inakipiga, uso wake usiuguse na tupa wala dawa. Umefanywa mgumu mahsusi kutoa cheche.

dada_msasa

Nakubaliana na wote hapo juu ila kuhusu rangi kuna kitu lazima aambiwe, maana ukisoma huko kwingine kila mtu atamwambia apake nitrati ya chuma.

Ile dawa ni ya mbao ya mepo, mti ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Bunduki za zamani za Pennsylvania nyingi zilikuwa za mepo yenye mawimbi, kama wanazotumia kampuni ya Kibler hata leo kwenye seti zao. Unapaka dawa, mbao inakuwa na rangi ya ajabu ya kijivu na umanjano unasema nimeharibu, alafu unapitisha hita ya upepo na pale pale macho yako yanaona inageuka kuwa kahawia nyekundu na mawimbi yanatokea. Mi kila nikifanya naita watoto waje waone. Lakini seti ya bei nafuu kama yako mbao yake kawaida sio mepo, ni mbao ngumu nyingine isiyo na michirizi mingi, na dawa ile haitakupa hayo majibu. Kwako nashauri rangi ya kupakia bidhaa za ngozi, ile ya kuyeyushwa na spiriti, kahawia ukiongeza matone ya nyekundu, ipake nyepesi mara kadhaa kuliko nzito mara moja. Jaribu kwanza ndani ya mfereji wa mtutu, ule wa kwenye mbao ambamo mtutu unalala, ambako hakuna atakayeona.

Vanishi hapana. Vanishi ya kung'aa itaifanya ionekane kama meza ya hoteli. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, au Tru-Oil ukitaka ikauke haraka. Matone machache kwenye kiganja, sugua mpaka mkono upate joto, futa yaliyobaki yote, acha ikauke kabisa, sugua kidogo na stilwaya laini kabisa, rudia. Na usisahau ndani, mfereji wa mtutu na shimo la mtambo vipake pia, maji yanapenda kuingilia huko.

Halafu tafadhali sana, vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye pipa. Vinapata joto vyenyewe na vinawaka bila mtu kuwasha kiberiti, karakana za watu zimeungua hivo. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke au vizamishe kwenye kopo la maji.

seremala_wa_tanga

Dada umenena. Ila Tru-Oil mi naona inang'aa sana ukiweka nyingi, kwa bunduki ya sura ya kizamani bora avumilie kitani.

dada_msasa

Ukiisugua mwishoni mng'ao unapungua kaka. Lakini sawa, kama ana subira kitani ni nzuri zaidi, hapo sibishi.

mpwani_texas

Swali la sheria naona limerukwa. Kwa sheria ya shirikisho ya silaha ya 1968, bunduki ya kushindilia mdomoni ya baruti nyeusi isiyoweza kupokea risasi za kisasa inahesabiwa kama silaha ya kale, ndo maana seti inakuja mlangoni kwa posta. Hiyo ni shirikisho. Majimbo yana sheria zao na mengine ni makali, na kama mtu ana kesi nyuma au makaratasi ya uhamiaji hayajakaa sawa asiende kwa maneno yetu humu, amuulize wakili wa jimbo lake kabla ya kushika chochote. Sisi wageni kosa dogo la silaha linaweza kukuharibia kila kitu.

Pia usije ukawaza kuibeba nyumbani kuwaonyesha ndugu. Tanzania gobore ni silaha kamili inahitaji kibali, sheria ya 2015 iko wazi, na polisi kila mara unasikia wamekamata magobore au wananchi wamesalimisha. Na baruti haipandi ndege, hata kopo moja.

Na baruti ni nyeusi tu, narudia nyeusi tu. Ile isiyo na moshi ya bunduki za kisasa hata kidogo itapasua mtutu na wewe ukiwa nyuma yake. Kwa .50 wengi tunatumia baruti ya chembe kubwa kiasi (FFg) kwenye mtutu na ile laini kabisa (FFFFg) kwenye kisahani, risasi ya mviringo .490 na kitambaa cha pamba chenye mafuta. Kipimo fuata kitabu kilichokuja na seti.

mkongo_wa_lancaster

Jamani asanteni, mmenipa darasa kubwa. Makaratasi yangu yako sawa, nimeshapata uraia, ila sheria za jimbo ntaziuliza kama ulivosema. Nimeanza na masizi ya mshumaa na kweli yanasema ukweli wote, mtambo sasa umezama vizuri na kisahani kimegusana na mtutu. Ila kuna kitu kimenishangaza: skrubu za mtambo zikiwa zimelegea triga iko laini na nyundo ya mtambo (ile inayoshika gumegume) inasimama nusu, pale pa usalama, na kamili, pale pa kupigia, bila shida. Nikizikaza triga inakuwa nzito na nyundo haikai kwenye nusu, inateleza. Ni mtambo mbovu au?

seremala_wa_tanga

Mtambo mzima huo, ni mbao inaugusa. Ndani kuna kijimkono cha chuma kinachotokeza kwa pembeni, ndicho triga inachokisukuma. Ukikaza skrubu mtambo unavutwa ndani zaidi, kile kijimkono kinagusa ukuta au sakafu ya tundu lake na hakiwezi tena kurudi kwenye meno yake. Inaweza pia kuwa triga imekaa juu sana inakisukuma muda wote. Kwa hiyo kwanza toa triga, kaza mtambo, pandisha nyundo. Ikikaa, tatizo ni triga, na ubapa wake wa juu utaupunguza kidogo kwa tupa. Isipokaa, tatizo ni tundu: paka masizi kwenye kijimkono chenyewe na kwenye springi, kaza, pandisha na ushushe nyundo kwa kuishika na kidole, kisha fungua uone weusi uko wapi. Nyoa hapo tu. Meno ya mtambo yenyewe usiyaguse na tupa hata kama mtu atakuambia, nusu isiposhika bunduki itakulipukia bila kuvuta triga.

Na usikaze hizo skrubu kwa nguvu zote mkuu. Zikishika, zidisha kidogo na uache.