Ukoo wa Bibi: Jumamosi Largo

Mama Salma 19:02: Asalaam aleikum. Jumamosi saa nne asubuhi tunampeleka Bibi Largo, hapa Maryland, atuonyeshe ilipokuwa Capital Centre, lile jengo la mpira wa kikapu. Salma ana kazi ya shule, historia ya mtaa, inatakiwa Jumatatu. Nataka majina na magari.

Mama Salma 19:40: Naona tiki za bluu tu. Jamani?

Musa 19:44: Shangazi, pale tutaona nini? Walililipua Desemba 2002. Yakaja maduka, nayo yakavunjwa, sasa ni hospitali.

Mama Salma 19:45: Jengo limekwenda, Bibi tunaye.

Salma 19:47: Paa lilikuwaje?

Musa 19:48: Kama tandiko la punda. Limeinuka huku na huku, katikati limebonyea.

Anko Idi 19:51: Pale ndipo Bullets, timu yetu ya kikapu ya Washington, walipochukua ubingwa 1978!

Musa 19:52: Hapana anko. Kombe walilichukulia Seattle, mechi ya saba. Ya sita ndiyo ilichezwa pale, 117 kwa 82.

Anko Idi 19:52: Ulikuwa hujazaliwa wewe.

Musa 19:53: Nawe ulikuwa Tanga unapiga chandimu 😂

Anko Idi 19:55: Salma andika hii: 1987 walikuwa na Manute Bol, mita 2.31, na Muggsy Bogues, 1.60. Timu moja! Babu yako akituapia kuwa Bogues angepita chini ya kwapa la Bol bila kuinama.

Binti Omari 19:56: 😂😂😂

Mama Salma 19:57: MAGARI. Kiti cha Bibi hakiingii gari dogo.

Mwanaidi 20:30: Kama ni historia, ile tiketi ya Baba ya mechi ya chuo cha Georgetown, siku aliyomwona Mutombo akicheza, iko wapi? Aliyehamisha vitu anajua.

Anko Idi 20:31: Mwanaidi usianze. Kopo lilikuwa na kutu.

Mwanaidi 20:31: Kutu ilikuwa kwenye kopo. Tiketi ilikuwa ndani ya nailoni.

Salma 20:33: Mutombo yule Mkongo wa kutikisa kidole??

Musa 20:33: Huyo huyo. Georgetown walikuwa wakichezea pale.

Mama Salma 21:05: Bibi katuma sauti. Nawaandikia msiosikiliza: "Baba yenu alifagia chini ya vile viti miaka kumi, mpaka timu zilipohamia mjini Washington 1997. Aliingia kwa tiketi mara moja tu. Mwanaidi, umemnunia kaka yako miaka minane kwa kipande cha karatasi. Jumamosi nawataka nyote wawili kwenye gari moja. Hospitalini sishuki. Nishusheni Arena Drive, jina lile bado lipo. Nilikuwa nikimsubiri huko usiku, anarudi mikono inanuka bia za watu."

Anko Idi 22:31: Nimesikia mama. Shikamoo.

Mwanaidi 22:58: Shikamoo mama. Gari la nani?

Musa 23:02: Nitaulizia van ya kazini.

Mama Salma 23:02: Lini?

Mama Salma 23:20: Musa?

Salma 23:24: Kituo cha treni niandike Largo Town Center?

Musa 23:41: Downtown Largo. Wamebadilisha 2022.