Mashine ya kutafutia chuma inalia yenyewe hata umeme ukikatika, wana Chuga nisaidieni

Chalii wa Njiro

Wakuu habari za jioni.

Nina kiwanja huku Njiro, kimepimwa, kina bikoni nne, zile alama za zege za mipaka. Tatu naziona, ya nne kule kona ya nyuma imefukiwa maana jirani alipojenga alimwaga kifusi na mimi nikaja kumwaga kokoto zangu juu yake, sasa nataka kupandisha ukuta na fundi kanigomea, anasema bila kuiona ile bikoni kwa macho yake hajengi, alishawahi kubomolewa ukuta wa kukadiria hataki tena. Namwelewa.

Mjomba alihangaika sana na dhahabu kule Chunya, kaniazima ditekta yake, GPX 5000, ile betri yake unavaa mgongoni kama begi la shule. Kanifundisha kwa simu. Nikaona kazi nyepesi, bikoni ina chuma katikati ya zege, mashine itaita tu nachimba naondoka.

Ebwana eeh. Nikiwasha tu inaanza kulia. Sijaigusisha chini, nimeishika tu hewani inalia yenyewe. Nikajua ni umeme maana kutoka kwangu naziona zile nguzo za chuma za laini kubwa, kituo cha kupoza umeme hakiko mbali. Jumamosi umeme ukakatika mtaa mzima, nikasema Mungu si Athumani, nikatoka nayo mbio. Ikalia vilevile!! Sasa umeme haupo inalilia nini?

Mpaka sasa nimechimba mashimo saba. Misumari, waya wa kufungia nondo, vizibo vya soda, na kijiko kimoja. Mke wangu ananiangalia tu kutoka dirishani haongei kitu, na mnajua mwanamke akinyamaza. Mashine mbovu au mimi ndiye mbovu?

Bwana Rupia

Bikoni wapi, sema tu ukweli umeambiwa na mganga kuna rupia za Mjerumani hapo. Nimekaa siti ya mbele, zikipatikana tugawane 😂

Mama Wawili Moshi

Kaka pole. Mi si mtaalamu ila mdogo wangu ana hizo mashine, jambo la kwanza huwa anatunyang'anya simu wote tulio karibu. Yako ilikuwa mfukoni? Pili, umeme ukikatika nyumbani kwako hakuna inveta inayowaka yenyewe? Maana kama ipo basi umeme umekatika kwa jirani, kwako haujakatika, ile inveta inakoroga balaa kuliko hata umeme wa kawaida. Na zile taa za ledi za bei chee nazo zina kelele zake.

Mangi Mstaafu

Chalii mashine sio mbovu, usiifungue. Nimetembea na hizo mashine zaidi ya miaka kumi, sasa hivi nimestaafu nipo Moshi nalima migomba, nitakueleza taratibu.

GPX sio kama zile mashine ndogo za kutafutia sarafu. Inapiga pigo fupi la umeme kwenye koili, ile sahani ya chini, halafu inanyamaza, inasikiliza ardhini kama kuna chuma kinachojibu. Inafanya hivyo mara nyingi sana kwa sekunde moja. Sasa wewe fikiria umetega sikio kusikiliza mtu anayenong'ona, halafu mwingine pembeni anapiga debe. Ndio maana mashine inayokwenda chini sana ndiyo hiyo hiyo inayosumbuliwa sana na umeme, hakuna namna, sikio kali linasikia yote.

Kuhusu umeme kukatika: mtaa wako kukosa umeme haimaanishi ile laini kubwa imezimika. Laini ya msongo mkubwa inaendelea kupeleka umeme kwingine, kilichokatika ni njia ya kuja kwenu. Kwa hiyo jaribio lako la Jumamosi lilikuwa zuri ila halijamaliza kesi.

Kabla sijasema ni nini nataka unijibu mambo mawili.

La kwanza, simama katikati ya kiwanja, simu iache ndani, koili iweke usawa wa kiuno na usiitikise kabisa. Inalia? Kama inalia ikiwa imetulia hewani, huo ni umeme. Kama inanyamaza ikitulia halafu inalia ukiipitisha karibu na chini, huo sio umeme, ni udongo. Na Arusha udongo wetu mnaujua, huu ni uchafu uliotapikwa na mlima Meru, mawe meusi yamejaa chembe zinazonasa sumaku, kuna jiwe moja tu saizi ya ngumi linaweza kukuchimbisha nusu saa ukidhani umetajirika. Watu wengi wanachanganya haya mawili, wanatibu hiki wakati ugonjwa ni kile.

La pili, na hili ndilo kubwa, niambie inalia VIPI. Usiniambie inapiga kelele, kila kelele ina mwenyewe. Laini kubwa inatikisika tu, mlio unapanda unashuka kama wimbi, haukai sawa. Radi hata ikiwa mbali inakwaruza bila mpangilio, msimu wa masika utaisikia hata kama wingu hulioni. Mashine ya mtu mwingine ikiwa jirani inakuja na kurudi. Sikiliza dakika mbili nzima halafu uje.

@Bwana Rupia wewe nitakurudia.

Chalii wa Njiro

Shikamoo mzee. Nimetoka sasa hivi. Simu nimeiacha ndani, na @Mama Wawili sina inveta dada, umeme ukikatika kwangu ni mishumaa.

Hewani imetulia kabisa na inalia. Mlio ni kama saa ya ukutani, tii... tii... tii... yaani ukihesabu moja, mbili, tatu inaenda na wewe, labda inachelewa kidogo kuliko sekunde. Katikati ya hizo tii kuna ule mtikisiko kama ulivyosema lakini mdogo. Nikisogea kona ya nyuma inazidi, nikienda getini inapungua ila haiishi.

Mangi Mstaafu

Marahaba. Jirani yako wa nyuma ana fensi ya umeme juu ya ukuta?

Chalii wa Njiro

Anayo mzee. Nyaya sita. Tena ndio huyo huyo wa kifusi.

Mangi Mstaafu

Basi mgonjwa kapatikana hahaha.

Fensi ya umeme haipitishi umeme muda wote kama watu wanavyodhani. Kile kiboksi chake kinarusha pigo moja la volti elfu kadhaa, fupi sana, halafu kinapumzika, sekunde moja au zaidi kidogo kinarusha tena. Ndiyo hiyo tii yako. Na zile nyaya zimezunguka nyumba nzima, kwa hiyo ni kama jirani ana antena kubwa amekuwekea mgongoni. Na kile kiboksi kina betri ndani ya volti 12 kama ya alamu, kazi yake hasa ni fensi isife umeme ukikatika, maana mwizi ndio anapenda giza. Ndiyo maana Jumamosi haikunyamaza.

Ila usiende kugonga geti la mtu kwa maneno yangu ya mtandaoni, hakikisha kwanza. Chukua redio, yoyote ya betri yenye AM. Iweke AM mahali ambapo hakuna stesheni, pasikike shhh peke yake, tembea nayo kuelekea ule ukuta. Kama ni fensi utasikia tak, tak, tak inaenda sawasawa na mashine yako. Ukitembea kandokando ya ukuta ukafika mahali inapiga kwa nguvu zaidi basi hapo pana waya unagusa tawi au kikombe cha kushikia waya kimepasuka, umeme unaruka hapo. Fensi nzima inasumbua kidogo, fensi mbovu inasumbua mno.

Daudi Sakina

Mzee hiyo ya redio nimeijaribu sasa hivi hapa kwangu Sakina, kweli kabisa inatika!! Mimi swali langu lingine, hii mashine inaweza kuona tanzanite? Nina shamba upande wa Simanjiro.

Mangi Mstaafu

Hapana mwanangu. Tanzanite ni jiwe, haipitishi umeme, ditekta itapita juu yake kama haipo. Ukiona mtu anakuuzia ditekta ya tanzanite jua anakuona wewe ndiyo madini. Na usichimbe hovyo hata hilo shamba, madini yana leseni zake.

Sasa Chalii, ukishathibitisha kwa redio kaongee na jirani kwa upole, mwombe azime nusu saa mchana akiwepo mwenyewe. Akikataa bado kuna njia. Pale mbele kwenye mashine kuna kitufe cha Auto Tune, simama hapo hapo unapotafuta, koili usiitikise, bonyeza uache ijitafutie yenyewe masafa yenye utulivu, inachukua karibu dakika nzima. Watu wanabonyeza wakiwa barazani halafu wanaenda kutafuta mita hamsini mbele, haisaidii. Halafu shusha sensitiviti, yaani ukali wa lile sikio. Najua inauma kuishusha, mtu anaona kama anapoteza kina, lakini mashine iliyo juu inayopiga makelele haikuonyeshi kitu, ya chini iliyotulia itakuonyesha. Wewe hutafuti punje ya dhahabu bwana, unatafuta chuma kinene kama kidole, hicho hata ukishusha nusu kitaita.

Kama bado inasumbua angalia koili. Ikiwa imeandikwa DD, yaani ina mizunguko miwili ya waya, kuna swichi ina sehemu ya Cancel, iweke hapo. Inapunguza sana kelele za umeme ila kina nacho kinapungua, ndiyo bei yake. Koili ya mono, yenye mzunguko mmoja, hiyo swichi haikusaidii.

Mama Wawili Moshi

Mzee wangu wewe ungekuwa mwalimu wangu wa fizikia mbona ningefika mbali.

Bwana Rupia

Mzee umesema utanirudia, bado nasubiri na jembe langu mkononi.

Mangi Mstaafu

Wewe haya. Kila mwaka lazima aje kijana hapa nyumbani na ramani, eti Mjerumani alizika dhahabu Moshi akikimbia. Mjerumani ametoka Moshi Machi 1916, akashuka kwa reli kuelekea Kahe. Ile rupia 15 ya dhahabu mnayoiota, yenye tembo, ilitengenezwa Tabora mwaka huo huo, yeye Moshi keshaondoka. Sasa aliizikaje? Alirudi usiku na koleo? Utakachopata huku ni heller, senti zao za shaba, na maganda ya risasi, na ukikuta kitu kinafanana na bomu usikiguse, ita polisi, vita ilipita hapa kweli.

Bwana Rupia

Aisee umenivunja moyo mchana kweupe.

Chalii wa Njiro

MREJESHO wakuu.

Redio nimeazima kwa mlinzi. Tak tak tak kama alivyosema mzee, na kona ya nyuma ndiyo ilikuwa inapiga kwa nguvu kuliko kote. Nikamwita jirani tukaangalia pamoja, kumbe kuna tawi la parachichi limelala kwenye waya wa chini. La kwangu. Mparachichi ni wangu mimi. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba ya kifusi nikaimeza yote. Nikakata tawi, akazima fensi, mzee muungwana tu, akaniletea na kiti.

Fensi ilipozimwa ile tii ikakata palepale, ukabaki ule mtikisiko mdogo, nadhani ndio laini kubwa. Nikafanya Auto Tune nimesimama kama sanamu, nikashusha sensitiviti, mtikisiko karibu wote ukaisha. Koili yangu ni DD ila Cancel sikufika huko. Mawe meusi yaliniyumbisha kidogo mwanzoni, nikapiga simu kwa mjomba akaniambia nishike kitufe cha kwenye mpini huku napandisha na kushusha koili juu ya udongo mpaka itulie, ikatulia.

Nikanyoosha kamba kutoka bikoni mbili ninazoziona nikatafuta pale tu zinapoelekeza, sio kuzurura kiwanja kizima kama mwanzo. Dakika kumi haikufika. Imeita mlio mmoja mnene, ukipita inaita, ukirudi inaita palepale. Tumechimba karibu goti, kokoto zangu juu, kifusi chake chini, na chini ya kifusi zege hilo, namba inasomeka. Sijaigusa, fundi kasema aje mpima aithibitishe kwanza ndio achimbe msingi.

Mashimo saba yote yalikuwa mita tatu ndani ya kiwanja, sikuwa hata karibu.

Daudi Sakina

Safi sana mkuu. Na kijiko je?

Chalii wa Njiro

Kijiko mke wangu kakitambua, ni cha seti yake ya harusi, kilipotea tangu wakati wa ujenzi tukamsingizia dada wa kazi. Sasa anasema mashine isirudi kwa mjomba kwanza, bado viwili.