Wenye yadi, mnapouza Mazda CX-3 semeni ukweli kuhusu injini!

Wakuu salaam. Nina hasira, uzi ni mrefu kidogo mnivumilie.

Dada yangu kauziwa Mazda CX-3 ya 2015 kwenye yadi moja hapa Dar, jina nalihifadhi. Alichoambiwa: ni SUV hii, cc 1500, mafuta kidogo, ushuru mdogo, chukua dada hutojuta. Hakuna aliyemuuliza anaendesha wapi. Anatoka Tabata anaenda Posta, asubuhi foleni jioni foleni, mkoani gari haijawahi kwenda. Sasa hivi taa ya DPF (chujio la masizi ya moshi wa dizeli) haizimi, gari imekosa nguvu, oili inapanda badala ya kupungua, na yule muuzaji simu hapokei tena.

Ngoja niwaeleze kitu ambacho yadi hawasemi. CX-3 ilipotoka Japani 2015 ilikuja na injini moja tu, dizeli ya 1.5. Petroli ya 2.0 waliiongeza 2017. Marekani gari hiyohiyo waliiuza na petroli 2.0 peke yake, dizeli hawakupeleka. Kwa hiyo ukikuta CX-3 ya 2015 au 2016 iliyouzwa Japani hiyo ni dizeli, hakuna cha kubishana, na ndizo zinazosukumwa kwa watu kwa sababu umri umeenda na bei imeshuka.

Na dizeli yenyewe tusiisingizie. Torki, yaani nguvu ya kuvuta, 270 Nm kwenye gari ambayo chini ni Mazda Demio, kagari kadogo, sio mchezo, gia boksi ni ya kawaida ya gia 6 sio CVT ile ya mkanda, mtu anayepiga Dodoma Singida kila wiki ataipenda. Shida ni lile chujio la masizi, hiyo DPF, kwenye njia ya moshi. Likijaa, injini inamwaga dizeli ya ziada ili joto lipande masizi yaungue, na hiyo kazi inataka gari itembee mfululizo kwa mwendo. Sasa wewe umesimama Buguruni, unasogea umesimama tena, unafika unazima kazi haijaisha, jioni inaanza upya, na dizeli isiyoungua inashuka kwenye oili. Ndio maana kijiti cha oili cha hizi Mazda za dizeli kina alama ya X juu ya alama ya kujaa. Kiwandani walijua oili itapanda wakaweka alama kabisa! Muuzaji yeye anakwambia "haina shida mama".

Kinachoniuma zaidi ni hili la cc ndogo ushuru mdogo. Japani kodi ya gari ya kila mwaka inapanda kwa ngazi za cc, 1500 na 2000 ni ngazi tofauti, kwa hiyo Mjapani kuhangaikia cc 1498 za dizeli hii ana sababu yake. Huku kwetu ushuru wa bidhaa kuanzia juu ya cc 1000 mpaka 2000 ni asilimia 5 ileile! Dizeli ya 1.5 na petroli ya 2.0 zote zinaingia humo. Mtu anatishwa na cc anakimbizwa kwenye injini isiyomfaa kwa sababu ya kodi ya watu wa Tokyo.

Na huo uSUV wenyewe, gari ina urefu wa kwenda juu milimita 1550, ili iingie kwenye zile paking za ghorofa za mashine za Japani. Chini imeachwa na ardhi milimita 160. Toyota Rush ya zamani ina 200. Halafu mnaipiga picha kwenye vumbi la barabara ya kijijini!

Fundi naye suluhisho lake ni kukata DPF na kuifuta kwenye kompyuta. Yaani moshi wote uende kwa mama ntilie aliyekaa pembeni ya barabara, kisa muuzaji hakutaka kusema neno moja kwenye tangazo. Hapana, hatukati.

Wenye yadi andikeni DIZELI kwa herufi kubwa, andikeni ina DPF, na mteja akiwaambia safari zake ni za foleni mwambieni hii haikufai, mpeni ya petroli au mwacheni aende kwa jirani.

Na wewe unayetaka kununua, kabla hujatoa hata shilingi ya advansi vuta kijiti cha oili uangalie kama imefika kwenye X, kisha leta fundi wako na mashine yake asome DPF imejaa kiasi gani. Muuzaji akianza kukuzungusha, ondoka hapohapo.