Mjadala: Kompyuta ikithibitisha, sisi tumejua nini?

Mleta mada: Wakuu, mwaka 1976 Kenneth Appel na Wolfgang Haken walitangaza kuwa rangi nne zinatosha kupaka ramani yoyote bila nchi mbili zinazopakana kufanana. Maumbo zaidi ya 1,400 yalikaguliwa na kompyuta, kazi isiyorudika kwa kalamu. Kwangu hiyo ni ripoti ya jaribio tu. Uthibitisho humfanya msomaji aone *kwa nini*.

Mchangiaji 1: Huko "kuona" ndiko kulikotuponza, mkuu. Alfred Kempe alithibitisha jambo hilohilo mwaka 1879, kwa maandishi yanayosomeka vizuri, na yakakubalika miaka 11. Kasoro ilijificha kwenye nchi yenye majirani watano. Ili ipate rangi, Kempe aligeuza rangi katika minyororo miwili ya nchi (nchi zinazofuatana zenye rangi mbili zinazopokezana) kwa mpigo. Ukigeuza mmoja, hakuna neno. Ukigeuza yote miwili, nchi mbili jirani zinaweza kuangukia rangi moja. Percy Heawood aliligundua hilo mwaka 1890. Hao wasomaji wote waliona nini?

Mleta mada: Sawa, lakini kosa la Kempe lilionyesheka kwa kidole. La programu nani ataliona?

Mchangiaji 2: Hapo umechelewa kidogo. Mwaka 2005 Georges Gonthier alikamilisha uthibitisho wa rangi nne ndani ya Coq, programu ya kukagua uthibitisho, ambamo kila hatua hupita kwenye kiini kidogo chenye kanuni chache za mantiki. Ukikiamini kiini hicho, mengine huhitaji kuyaamini. Hatari imehamia kwenye sentensi inayothibitishwa. Katika Lean, programu nyingine ya aina hiyo, 2 − 3 kwa namba asilia ni 0, na 1 ÷ 0 pia ni 0, kwa sababu kila operesheni lazima itoe jibu. Ukisahau kuandika sharti kwamba *b*, namba unayogawia, si sifuri, unaweza kupata uthibitisho halali kabisa wa jambo ambalo hukulikusudia. Mashine haina habari na makusudio yako.

Mleta mada: Basi tumerudi palepale: lazima mtu asome na aelewe.

Mchangiaji 2: Asome fasili na tamko la mwisho, ndiyo. Hizo ni kurasa chache, si kesi 1,400.

Mchangiaji 1: Na kusoma tu hakutoshi, fasili ijaribiwe kwenye hali za pembeni kabisa: weka 0, weka seti tupu, weka ramani ya nchi moja. Fasili mbovu mara nyingi hujikwaa hapo.