Minova 2012: askari kushikamana kunazuia ubakaji au kunauficha?

Mwana-Kivu: Goma, mji wetu mkubwa mashariki mwa Kongo, ilipoanguka kwa waasi wa M23 tarehe 20 Novemba 2012, FARDC, jeshi la serikali ya Kongo, walikimbia mpaka mji mdogo wa Minova wakawageukia raia, wanawake na wasichana zaidi ya mia wakabakwa. Kesi ya askari hao ikaisha Mei 2014, washtakiwa 39, waliotiwa hatiani kwa ubakaji hata watano hawafiki. Mi naona pale hapakuwa na kikosi tena. Jeshi lilijazwa watu waliokuwa maadui jana, leo wanavaa gwanda moja, nani amwonee mwenzake aibu?

Wa Kigoma: Hapana ndugu. Batalioni ya 391 ya FARDC iliyofunzwa na Wamarekani Kisangani nayo ilitajwa Minova, na hao walikula na kulala pamoja miezi. Walioshibana ndo hawatajani mbele ya jaji. Halafu njaa tu hiyo, askari asiyelipwa ni mwizi mwenye bunduki.

Mama wa Kambini: Njaa TU? Bwana yangu ni askari, tumelala chini ya turubai na watoto wanne, mshahara unapitia kwa wakubwa unafika umekatwa, na hajagusa mtoto wa mtu. Usimwite mwizi.

Wa Kigoma: Samahani mama, sikumsema mumeo. Ila kwetu JWTZ, jeshi la Tanzania, mi naona nidhamu ni bora, 2013 tulikuja tukawasaidia kuwatoa hao M23.

Mwana-Kivu: Tumeshaanza JWTZ! Mlikuja na mshahara wenu, mahema yenu, chakula chenu, sasa unalinganisha nini na mtu aliyekimbia Goma kwa miguu na mkubwa wake katangulia na gari?

Wa Kigoma: Kwa hiyo tusishukuriwe? Vijana wetu walikufa huko.

Kadogo wa zamani: Nimeanza jeshi mdogo, nawaambia, mkubwa akila franga zako hawezi kukukamata ukiiba mbuzi, mnajuana. Ukitoka kwa mbuzi unaingia nyumbani kwa watu. Ule ubakaji wa Fizi, Kivu Kusini, Mwaka Mpya wa 2011, mkubwa wao luteni kanali Kibibi mwenyewe ndiye alipewa miaka 20, sio vijana peke yao. Minova wakubwa wakatoka huru.

Mwana-Kivu: Hilo ndo nilikuwa nataka tulijadili.

Mama wa Kambini: Jadilini. Huyu wa Kigoma bado hajafuta neno mwizi.

Wa Kigoma: Nimelifuta mama. Lakini na nyie mseme asante.