Ukulele ya kupigia nyimbo za fidla za Ayalandi: G ya juu, G ya chini au GDAE?

Mgeni_Galway
Wakuu, habari za jioni. Naishi Galway mwaka wa 3 sasa, na baa ya jirani fidla hulia hadi usiku. Zile jigi na rili, nyimbo zao za dansi, zimenikaa moyoni, nataka kuzipiga kwa ukulele. Jumamosi naenda dukani. Nichukue ya kawaida ya nyuzi GCEA, uzi wa G ukiwa wa sauti ya juu au ya chini, au nifunge nyuzi za GDAE kama fidla?

NyuziNne
Mkuu, hujataja bajeti, hujataja ukubwa wa ukulele, wala kama unasoma noti. Tukushauri vipi?

Dada_Konseti
Hata kabla hajajibu: GDAE. Vidole vinakaa palepale pa fidla, ukiketi na mpigaji unafuata mkono wake tu. Ila iwe soprano au konseti, zile ndogo. Kwenye shingo ndefu ya tenori uzi wa E hukatika kabla haujafika sauti yake.

NyuziNne
Dada, napinga. Nyimbo nyingi za kule ziko kwenye ufunguo wa D na G, na hazishuki chini ya noti ya D ambayo uzi wa C unaitoa kwenye freti ya 2 (freti ni ile mistari ya chuma shingoni). Shida iko juu: ile B ya mwisho iko freti ya 14 ya uzi wa A, na soprano nyingi huishia ya 12. Chukua tenori, G ya juu ibaki. Noti zinazofuatana zigawe nyuzi tofauti, zitalia pamoja kama kinubi.

Mzee_Pemba
Nisikilizeni yaliyonikuta. Nilitaka GDAE, nyuzi zake sikuzipata, nikafunga za mandolini, za chuma. Siku 2 sauti ilikuwa tamu, inasikika hadi uani. Siku ya 3 asubuhi naona ubao umevimba nyuma ya daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi. Nikasema nitalegeza jioni. Narudi kazini, daraja limeng'oka na kipande cha ubao. Ukulele ile aliniachia marehemu kaka yangu. Fundi alibandika, lakini sauti yake haikurudi. Chombo kile kimeundwa kwa nailoni, chuma hakikiwezi. Mwanangu, ulizia nyuzi za GDAE za ukulele hasa.

Dada_Konseti
Pole sana mzee wangu.

Fidla_Unguja
Pole mzee. Mimi napiga fidla ya taarabu, nilifunzwa kwa sikio, na wale wa Ayalandi hurithishana hivyohivyo. Sikiliza mpigaji fidla Michael Coleman wa Sligo, alirekodi New York miaka ya 1920. Uimbe wimbo mpaka uushike, ndipo ushike chombo.

NyuziNne
Sikio sawa, lakini mkusanyaji Francis O'Neill alichapisha nyimbo 1,850 za Ayalandi kwa noti kule Chicago, 1903. Maandishi nayo yameziokoa.

Fidla_Unguja
Noti haikuonyeshi mdundo wa jigi unavyoyumba. Hilo unalipata kwa mtu.

Mgeni_Galway
Asanteni. Bajeti euro 120, noti sisomi. Na nilisahau kusema, nina soprano ya zawadi, freti 12.

Dada_Konseti
Basi nunua nyuzi tu! Kwa GDAE ile B iko freti ya 7 ya uzi wa E.

NyuziNne
Hapo kweli. Ila bado tenori ina sauti nene zaidi, na baani kuna kelele.

Fidla_Unguja
Hao wa baa umeshawauliza wanaanza na wimbo gani?